Mwalimu Anayenyonyesha Asijifiche Chooni

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi nilichelewa kuujua uchungu huo, na nimeonelea niandike makala haya kwa kuwa najua kwamba katika shule nyingi za nchi yetu wamo walimu wenzangu ambao hadi leo wamechelewa kama nilivyochelewa mimi.

Mnamo mwaka 2014 nilikuwa mwalimu wa ratiba katika shule moja ya upili ya kutwa. Wasomaji ambao ni walimu wanaijua kazi hiyo. Ni kuikata siku vipande vya dakika 40, kisha kuvigawa vipande hivyo miongoni mwa watu ambao kila mmoja wao anaamini kwamba amedhulumiwa. Muhula wa pili ulipoanza, mwalimu mmoja kijana wa Kemia na Bayolojia, aliyekuwa ameajiriwa na bodi ya shule, alirejea kazini baada ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Alinijia majilisini, akasimama kando ya meza yangu, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, naomba unisaidie. Kama yawezekana, kipindi changu cha nne na cha saba visogezwe, nipate nafasi kidogo."

Hakusema nafasi ya kufanya nini, nami sikumwuliza. Nilimjibu bila hata kuinua kichwa: "Mwalimu, ratiba imekwisha kubandikwa. Nikimsogezea mmoja, wote watataka kusogezewa." Akashukuru, akaenda zake.

Wiki tatu baadaye mwalimu mwenzetu wa kike, mtu mzima tuliyemheshimu sote, aliniuliza iwapo najua ni kwa nini choo cha walimu wa kike hufungwa kwa ndani kila wakati wa mapumziko ya saa nne. Sikujua. Akanieleza kwamba yule mwalimu kijana alikuwa akijifungia humo, akayakamua maziwa yaliyomjaa kifuani na kuyamwaga. Kisha alivaa koti lake jeupe la maabara, ambalo hata siku ya jua kali hakulivua, ili wanafunzi wasiione blauzi yake iliyolowa. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kuwafundisha kidato cha tatu mada ya uzazi wa mamalia.

Nilipopata ujasiri wa kuibadilisha ratiba, muhula ulikuwa umefika ukingoni na maziwa yake yalikuwa yamekwisha kupungua. Mtoto alipofika miezi mitano alikuwa akilishwa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, pamoja na uji. Akaugua kuhara, akalazwa hospitalini siku kadhaa, na kwa rehema za Mungu akapona. Siwezi kudai kwamba ratiba yangu ndiyo iliyomlaza mtoto yule, kwa kuwa maradhi yana milango mingi. Hata hivyo, najua kwamba mlango mmoja niliuacha wazi mimi mwenyewe, nikiwa na kalamu na rula mkononi.

Tangu siku ile nimejitahidi kujifunza nililopaswa kulijua zamani. Na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba titi si mtungi unaojazwa ukasubiri kumiminwa. Titi ni kama kisima: kadiri kinavyotekwa ndivyo chemchemi inavyozidi kububujika, na kikiachwa bila kutekwa, chemchemi hujiziba. Mtoto anyonyapo, ubongo wa mama hutoa homoni mbili. Ya kwanza, prolaktini, huuamuru mwili kutengeneza maziwa. Ya pili, oksitosini, huyasukuma maziwa hayo yatoke. Titi likikaa limejaa kwa muda mrefu, mwili hufasiri kwamba maziwa hayahitajiki tena, na kiwango hupunguzwa. Isitoshe, hofu, maumivu na aibu huizuia oksitosini kufanya kazi yake. Basi mama aliyejibanza chooni, akisikiliza kengele na kuogopa kubishiwa mlango, anajaribu kukamua katika mazingira ambayo maumbile yenyewe yanayakataa.

La pili nililojifunza ni jinsi chakula hiki kilivyo cha ajabu. Maziwa yanayotoka katika siku za mwanzo huitwa dang'a. Ni machache, mazito, na aghalabu yana rangi ya manjano. Katika jamii zetu nyingi yamedhaniwa kuwa maziwa machafu au yaliyolala, yakamwagwa, na mtoto akapewa maji ya sukari badala yake. Kumbe dang'a ndiyo chanjo ya kwanza ya mwanadamu. Imejaa kingamwili, ina vitamini A kwa wingi, na husaidia kuusafisha utumbo wa mtoto. Uchache wake si kasoro, kwa maana tumbo la mtoto aliyezaliwa leo ni dogo mno, na vijiko vichache vyamtosha.

Maziwa yanayofuata yana sukari, mafuta na protini kwa vipimo vinavyomfaa mwana wa binadamu, na kiasi cha asilimia 87 ya maziwa hayo ni maji. Ndiyo sababu mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji kupewa maji ya kunywa, hata awe Lodwar au Garissa wakati wa kiangazi. Fauka ya hayo, mama akipambana na vijidudu vilivyomo nyumbani mwake, mwili wake hutengeneza kingamwili za kuvishinda, na kingamwili hizo humfikia mtoto kupitia maziwa. Ng'ombe, hata awe wa gredi, hajalala chumba kimoja na mtoto huyo, wala hajui ni maradhi gani yanayomnyemelea.

Mama naye hufaidika. Oksitosini ile ile hulikaza tumbo la uzazi baada ya kujifungua na kupunguza uvujaji wa damu. Kwa miaka mingi yajulikana kuwa kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliojumuisha tafiti kutoka nchi nyingi, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha huipunguza hatari hiyo kwa zaidi ya asilimia 4. Mama anayemnyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita bila kumpa kingine chochote, mchana na usiku, na ambaye hajaanza tena kupata hedhi, ana kinga ya asilimia 98 hivi dhidi ya kushika mimba nyingine. Kwa ufupi, mpango wa uzazi ulikuwapo kabla ya zahanati.

Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makadirio kwamba iwapo karibu watoto wote duniani wangenyonyeshwa inavyopasa, vifo 823,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano vingeepukwa kila mwaka. Ninawasihi walimu wa Hisabati wawaulize wanafunzi wao ni shule ngapi kama yao zingejazwa na watoto hao. Hapo ndipo tarakimu huanza kuwa na uso.

Kwa kuwa miongoni mwa wasomaji wangu wamo walimu wanaotarajia mtoto wa kwanza, na wanafunzi watakaokuwa wazazi siku moja, hebu niyaseme kwa ufupi yale ambayo wauguzi na wakunga hutufundisha kuhusu mwanzo wa safari hii.

Mtoto akishazaliwa, awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na aanze kunyonya katika saa ya kwanza. Utafiti uliofanywa nchini Ghana na kuchapishwa mwaka 2006, uliowahusisha watoto wachanga zaidi ya 10,000, ulikadiria kwamba asilimia 22 ya vifo vya watoto wachanga katika eneo hilo vingeweza kuzuiwa lau wote wangenyonya ndani ya saa hiyo moja. Saa hiyo haihitaji mashine wala fedha. Yahitaji tu mkunga asiye na haraka na jamaa wasioharakisha kumbeba mtoto kumpitisha mkono kwa mkono.

Pili, mama amlete mtoto kwenye titi, asimpelekee mtoto titi akiwa ameinama kama anayefua. Kichwa na mwili wa mtoto viwe katika mstari mmoja, tumbo lake likilielekea tumbo la mama. Mtoto aachame kinywa wazi kabisa, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje, na ameze sehemu kubwa ya duara jeusi linaloizunguka chuchu, si ncha ya chuchu pekee. Mtoto akishikilia ncha tu, mama hupasuka chuchu na mtoto hapati maziwa. Wengi huvumilia mateso hayo wakiambiwa kwamba ndiyo desturi ya uzazi wa kwanza. La hasha. Maumivu makali ni ishara kwamba mtoto hajashika sawasawa, na yafaa mama amwombe muuguzi amwonyeshe.

Tatu, mtoto anyonye kila anapotaka, usiku na mchana, na kwa mtoto mchanga hiyo ni mara nane hadi kumi na mbili katika muda wa saa 24. Mama mpya huyasikia maneno haya akaogopa, na jirani akija kumwambia kwamba "maziwa yako ni mepesi, mtoto hashibi," husadiki. Akitaka kujua kama mtoto anashiba, asisikilize majirani bali azitazame nepi. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku anapata maziwa. Yapo pia mizani ya kliniki: mtoto hupungua uzito kidogo siku za kwanza, kisha aghalabu huurudia uzito wake wa kuzaliwa kabla au ifikapo wiki mbili. Asipourudia, au akiwa mlegevu asiyeamka kunyonya, apelekwe kwa daktari mara moja.

Nne, siku ya tatu au ya nne matiti huweza kujaa na kuwa magumu kama mawe. Dawa yake ni kunyonyesha mara kwa mara na kukamua kidogo ili mtoto aweze kushika. Titi likiwa jekundu, lenye maumivu, na mama akawa na homa, aende hospitalini, lakini asiache kunyonyesha.

Tano, hadi miezi sita itimie, asipewe kitu kingine: si maji, si uji, si asali, si maji ya kutuliza tumbo yauzwayo madukani. Dawa zilizoandikwa na daktari ndizo pekee zenye ruhusa. Baada ya hapo mtoto aanzishiwe vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Huo ndio ushauri wa Shirika la Afya Duniani, na ndugu zetu Waislamu watatambua kwamba miaka miwili imetajwa pia katika Surat Al-Baqara.

Mama aishiye na virusi vya Ukimwi naye asitengwe. Kuna wakati alishauriwa asinyonyeshe kabisa iwapo angeweza kumudu maziwa mengine kwa njia salama. Lakini utafiti uliofanywa Durban, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 1999, ulidhihirisha kwamba hatari zaidi ilikuwa ni kuchanganya titi na vyakula vingine katika miezi ya mwanzo. Leo, mama anayemeza dawa za ARV kila siku bila kukosa huweza kunyonyesha, na hatari ya kumwambukiza mtoto huwa ndogo sana. Basi tusimnyooshee kidole anayenyonyesha, wala tusimnyooshee asiyenyonyesha, kwa kuwa wapo kina mama ambao kwa ugonjwa au kwa sababu nyingine ya kweli hawawezi. Mtoto wa mama kama huyo naye ana haki ya kulishwa kwa heshima. Mwaka 2019 benki ya maziwa ya mama ilifunguliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ili watoto wachanga wasiopata maziwa ya mama zao walishwe maziwa yaliyotolewa na kina mama wengine na kutibiwa kwa joto.

Wanafunzi wengi hulikariri neno "kwashakoo" ili kujibu maswali ya mtihani. Ni wachache wanaojua lilikotoka. Lilitoka katika lugha ya Kiga ya Ghana, na daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, ndiye aliyelitia katika maandishi ya kitabibu mwaka 1935. Wenyeji walimweleza kwamba ni maradhi ya mtoto aliyepokonywa nafasi yake mwenziwe azaliwapo, yaani mtoto aliyeachishwa titi kabla ya wakati na kulishwa uji mtupu. Daktari huyo huyo, mwaka 1939 huko Singapore, alisimama mbele ya wafanyabiashara na waheshimiwa akayashutumu hadharani matangazo ya maziwa ya kopo yaliyokuwa yakiwaua watoto wa maskini. Ilipita zaidi ya miaka 40 kabla ya mataifa kukubaliana, mwaka 1981, juu ya kanuni za kimataifa za kuidhibiti biashara hiyo. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012, ikapiga marufuku matangazo ya bidhaa zinazochukua nafasi ya maziwa ya mama.

Nayo juhudi hiyo imezaa matunda. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ni asilimia 13 tu ya watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wakilishwa maziwa ya mama pekee. Mwaka 2008/2009 wakawa asilimia 32. Mwaka 2014, mwaka ule ule nilipomnyima mwenzangu kipindi chake, wakafika asilimia 61. Ni hatua ambayo wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya wa vijijini wanastahili kupongezwa kwayo. Lakini utafiti wa mwaka 2022 ulipofanywa, kiwango kilikuwa asilimia 60. Miaka minane ikapita nasi tumesimama pale pale.

Kwa nini tumesimama? Sababu ni nyingi, na sidai kuzijua zote. Moja, hata hivyo, naijua kwa kuwa niliishika mkononi. Mama amekwisha kuelimishwa katika kliniki, amekubali, ameanza vyema. Kisha likizo inakwisha.

Hebu tupige hesabu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara. Wizara ya Afya humwambia anyonyeshe miezi sita bila kuchanganya. Baina ya kauli hizo mbili za serikali moja kuna pengo la miezi mitatu, nao ni muda wa kama muhula mmoja wa shule. Ni kweli kwamba makubaliano ya mwaka 2021 baina ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, na vyama vya walimu yaliiongeza likizo ya uzazi kutoka siku 90 hadi siku 120, na ya baba kutoka siku 14 hadi 21. Nawapongeza walioyapigania. Lakini siku 120 nazo ni miezi minne, na mwalimu anayeandikwa na bodi ya shule, ambaye aghalabu ndiye mdogo kwa umri na ndiye anayeanza familia, hayumo katika makubaliano hayo.

Mwalimu huyo huondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Muda wa saa kumi na nusu. Katika muda huo mtoto wa miezi minne hunyonya mara nne hivi. Ni mara nne ambazo kisima hakitekwi, siku tano kwa wiki.

Sheria haikunyamaza juu ya jambo hili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, vifungu vya 71 na 72, inamtaka kila mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea kazini, penye maji ya kunawa, kifaa cha kuhifadhia maziwa katika ubaridi, meza ndogo na viti vya starehe. Inasema bayana kwamba mahali hapo pasiwe msalani. Tena inampa mama nafasi za kunyonyesha au kukamua, mbali na mapumziko ya chakula, ambazo jumla yake haizidi saa moja katika kila muda wa saa nane za kazi. Saa moja! Katika lugha ya ratiba, hicho ni kipindi kimoja na nusu. Sheria hiyo imekuwapo tangu mwaka 2017. Niwaulize walimu wenzangu: katika shule yako, mahali hapo ni wapi?

Wapo watakaosema kwamba shule zetu hazina fedha. Madarasa yenyewe hayatoshi, sembuse chumba cha kunyonyeshea. Hoja hiyo naiheshimu, lakini haisimami. Katika shule ninakofundisha sasa tulikiondoa kichaka cha vitabu vikuukuu katika stoo moja, tukaweka kiti chenye mgongo, meza, pazia dirishani, ndoo ya maji yenye mfereji, na komeo upande wa ndani. Maziwa yaliyokamuliwa huhifadhiwa katika chombo kisafi chenye kifuniko ndani ya jokofu la maabara ya sayansi kimu, ambalo hutumika kwa vyakula pekee. Ambako hakuna jokofu, kasha la kuhifadhia ubaridi lenye barafu hufaa, kwa maana katika joto la kawaida la chumba maziwa yasiwekwe kupita muda wa saa nne. Jioni mama huenda nayo nyumbani, na kesho yake yaya humpa mtoto kwa kikombe kidogo kisafi, kwa kuwa chupa ni ngumu kusafishika.

Wengine watasema kwamba mama zetu walinyonyesha bila vyumba wala sheria, huku wakilima na kuteka maji. Kweli kabisa. Lakini mama zetu walikwenda shambani mtoto akiwa mgongoni. Alipolia, jembe liliwekwa chini. Hakukuwa na lango la shule, wala kengele, wala mwalimu wa ratiba. Sisi tulioleta lango na kengele ndio tunaopaswa kumrudishia mama kile ambacho lango limemnyang'anya.

Wapo pia watakaohofia masomo. Wanafunzi watafundishwa na nani mwalimu akitoka? Nami nawajibu kama mtaalamu wa kazi hii. Hakuna mwalimu anayefundisha vipindi vyote vya siku. Kila mwalimu ana vipindi vitupu. Swali ni vitakuwa saa ngapi. Kuvipanga asubuhi ya kati na alasiri hakumgharimu mwanafunzi hata dakika moja ya somo. Kunamgharimu mwalimu wa ratiba jioni moja na kifutio. Na mtoto anayeugua mara chache humfanya mama yake akose kazini mara chache.

Siwezi kumaliza bila kumtaja mwanafunzi aliye mama. Tangu mwaka 1994 sera ya nchi hii imemruhusu msichana aliyejifungua kurejea shuleni, na mwaka 2020 miongozo mipya ilitolewa kuhusu jambo hilo. Walimu wakuu wengi wamempokea, na hilo ni jema. Lakini mara nyingi tunampokea kwa sharti lisilosemwa, kwamba ajifanye hakuzaa. Anaketi nyuma ya darasa, kifua kimejaa, sweta limefungwa vifungo vyote, na moyo uko nyumbani kwa nyanya ya mtoto. Ikiwa mwalimu mwenye mshahara anaona haya kuomba dakika 40, binti wa miaka 17 ataziombea wapi? Chumba kile kile cha mwalimu kingemfaa naye. Tena darasa likijua kwamba chumba hicho kipo, na ni cha nini, wavulana nao watajifunza somo lisilo katika silabasi, ili kesho wasiwe walimu wa ratiba wa aina niliyokuwa mimi.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wizara ya Elimu na TSC wahakikishe kwamba wakaguzi wanapozitembelea shule, wanaulizia mahali pa kunyonyeshea kama wanavyoulizia vyoo na maabara. Bodi za shule ziwatendee walimu wanaowaajiri kwa kadiri ile ile serikali inavyowatendea walio katika daftari lake, kwa kuwa watoto wao hawatofautiani matumbo. Na vyama vya walimu, vitakaporudi mezani kujadili mkataba, visiache kuitafuta miezi sita kamili.

Lakini lipo ombi la nne, nalo si la serikali. Muhula ujao, kabla ratiba haijabandikwa, mwalimu wa ratiba na apite majilisini amwulize kila aliyerejea kutoka likizo ya uzazi: "Mwalimu, mtoto ananyonya saa ngapi?" Asingoje kuombwa. Mimi niliombwa kwa sauti ya chini, nami sikuinua kichwa.